Mswaki wa Makaburini

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na miswaki miwili. Mmoja ulikaa bafuni ndani ya bilauri, kama mswaki wa mtu yeyote. Wa pili ulikaa kwenye ndoo ya plastiki nyuma ya mlango wa stoo, pamoja na brashi ya sakafu, matambara, kipande cha sabuni na glavu za mpira. Mwishoni mwa Oktoba 2009, miezi michache tangu nifike Polandi, aliniomba nimbebee hiyo ndoo. Nilidhani tunakwenda kumfanyia usafi jamaa yake mgonjwa. Tukashuka tramu mbele ya geti la makaburi.

Mji wenyewe ni Łódź, uliokuwa wa viwanda vya nguo, katikati kabisa ya nchi, mbali na bahari, lakini jina lake maana yake ni mashua. Hutamkwa Wuch. Ukiweza kulitamka bila mtu kucheka, ujue shule ya lugha imekufaa. Waafrika wengi wamepitia mji huo, maana tangu 1952 ndipo ilipo shule ya kuwafundisha Kipolandi wanafunzi wa kigeni kabla hawajatawanywa kwenye vyuo vya nchi nzima. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipanga chumba kwa mjane wa miaka 75 ambaye alinisahihisha sarufi hata nilipoomba chumvi mezani.

Kaburi la mumewe lilikuwa la jiwe jeusi lililosuguliwa mpaka ukajiona sura. Majani mapana ya njano yalikuwa yameligandia kama stempu kwenye bahasha, na kila moja ilibidi libanduliwe kwa kucha. Nilitumwa bombani, nikapanga foleni nyuma ya mzee aliyevaa suti na tai, ndoo mkononi. Maji yalikuwa ya baridi ya kuumiza vidole. Niliporudi, mama alikuwa amepiga magoti juu ya gazeti, anasugua herufi za jina la mumewe kwa ule mswaki, moja baada ya moja, akichokonoa uchafu kwenye tumbo la kila herufi kama anayempigisha mswaki mtoto. Akamaliza jina, akamaliza miaka, akashuka mstari wa chini.

Mstari wa chini ulikuwa jina lake mwenyewe. Jina la kwanza, la ukoo, kisha 1934, kisha kistari, kisha jiwe tupu.

Nilisoma mara mbili. Kwetu huo ni uchuro. Ungelichonga jina la mtu aliye hai kwenye kaburi, wazee wangeitwa na ng'ombe angetafutwa siku hiyohiyo. Yeye hakushtuka wala hakunieleza kitu. Alisugua jina lake kwa nguvu ileile aliyosugulia la mumewe, akakaa sana kwenye ile tarakimu ya nne, ambayo kona zake zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Halafu akanyoosha mkono bila kugeuka. "Mwaga maji kidogo hapa kwangu," akasema.

Baadaye nilikuja kuyaona majina mengi ya namna hiyo, yenye kistari kinachongoja. Wenzetu hufanya hivyo kwa sababu ya kawaida kabisa: fundi wa kuchonga akishaitwa, heri achonge yote kwa mara moja, itakuwa rahisi zaidi. Lakini siku ile nilirudi kwenye tramu nimeshika ndoo tupu, na sikuwa na la kumwambia.

Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote, na Polandi ni siku ya mapumziko. Tarehe 2 ni ya marehemu wote. Kwa hesabu za Kanisa, ya kwanza ni ya walioko mbinguni na ya pili ni ya walio bado safarini, na hiyo ya pili huhusishwa na Odilo, abate wa monasteri ya Cluny huko Ufaransa, aliyewaamuru watawa wake waiadhimishe kiasi cha mwaka 998. Watu wenyewe hawazitenganishi. Siku ya mapumziko ni tarehe 1, basi kila mtu huenda tarehe 1. Nchi nzima husafiri, kama Dar inavyomwagika kuelekea Kilimanjaro ifikapo Desemba. Polisi wana operesheni yao maalumu ya barabarani iliyopewa jina la taa za makaburini. Warsaw huongeza mabasi na tramu zenye herufi C, ambazo kazi yake ni kupeleka watu makaburini na kuwarudisha. Kwenye makaburi ya Powązki mjini humo, yaliyofunguliwa 1790, waigizaji maarufu husimama njiani na makopo wakichangisha fedha za kukarabati makaburi ya zamani. Desturi hiyo ilianzishwa mwaka 1975 na mwandishi Jerzy Waldorff. Mtu hutoa noti kwa ajili ya malaika wa jiwe aliyekatika bawa, huku akiangaliwa na sura aliyozoea kuiona kwenye runinga.

Nje ya geti letu la Łódź kulikuwa na soko kamili. Vyungu vya krisantemu vya njano, vyeupe na vya zambarau vimepangwa mpaka barabarani, halafu taa. Taa ya kaburini ni gilasi nene ya rangi yenye kifuniko cha bati kilichotobolewa, ndani yake mshumaa, na ubavuni huandikwa saa zake: 24, 48, 72. Watu husoma saa hizo kwa makini, kama sisi tunavyosoma uzito kwenye mfuko wa mchele. Siku hizi ziko na za betri. Mama mwenye nyumba aliziita taa za wavivu.

Kuhusu krisantemu nina aibu yangu. Katikati ya Oktoba niliziona sokoni, nzuri, bei poa, nikamnunulia chungu kimoja kwa kushukuru chumba. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa sentensi ndefu, akakiweka kwenye roshani. Siku ya makaburi kilikuwa chini ya mkono wake kwenye tramu. Ndipo nilipojifunza kwamba kule huwezi kumpa ua hilo mtu anayepumua.

Saa kumi jioni giza linaanza kuingia, na hapo ndipo penyewe. Ukuta wa makaburi unawaka kwa juu kama kuna mji upande wa pili. Ukiingia, joto linakupiga usoni, joto la kweli, la maelfu ya mishumaa, wakati kwenye koo bado una baridi ya barabarani. Harufu ni ya nta, udongo uliolowa, na yale maua yenye uchungu kidogo kama mchunga. Hakuna anayelia. Watoto wanabishana nani awashe. Kina mama wanasalimiana kwa sauti ya chini, wanapima kwa macho kaburi la jirani limewekewa taa ngapi. Usidhani umbeya unaishia getini.

Hata jina la siku ya zamani lina umbeya wake. Kabla ya Kanisa kuzipanga hizo tarehe, na muda mrefu baada ya kuzipanga, vijiji vya huko, hasa kuelekea Lithuania na Belarus, vilikuwa na usiku wa kuwaalika mizimu kula. Waliuita Dziady. Neno hilo maana yake ni mababu, lakini pia maana yake ni ombaomba, kwa kuwa ombaomba waliokaa mlangoni pa kanisa ndio waliopewa mikate wawasalie marehemu. Kumlisha maskini ilikuwa njia ya kumlisha babu. Mshairi Adam Mickiewicz aliipa tamthilia yake jina hilo katika karne ya 19, na mwanzoni mwa 1968 serikali ya kikomunisti iliipiga marufuku isichezwe kwenye Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Warsaw. Wanafunzi wakaingia mitaani, vyuo vikachafuka. Wakubwa hawakuwa wajinga: ukiwaita mababu waje mezani, hujui watasema nini.

Novemba kwa Kipolandi ni listopad, na ukilipasua neno hilo unapata majani yanaanguka. Kamusi zetu zikitafuta jina la majira hayo ya kaskazini hukimbilia vuli. Niliwahi kumwandikia mama yangu Kibosho kwamba huku sasa ni vuli. Akapiga simu, akauliza kama mvua imeshika vizuri na kama watu wameshapanda maharage. Alikuwa na haki. Vuli yetu ni udongo kufunguka, na ile yao ni miti kuvuliwa nguo. Sisi Wakatoliki wa Kilimanjaro huusoma mwezi huohuo kama mwezi wa marehemu. Tunapeleka bahasha za majina parokiani, na padri huyasoma kwa haraka yakiwa mengi. Wenzetu nao huandika majina kwenye karatasi, yakasomwa kanisani mwezi mzima. Tofauti ni dirisha. Kule ukisikia majina hayo na ukatazama nje, kila kitu kinakubaliana nayo. Kwetu nje kunachipuka.

Mama mwenye nyumba alinunua taa sita. Nilizihesabu kwa sababu mimi ndiye niliyezibeba. Mbili za mumewe, moja ya mama yake, moja ya dada yake. Ya tano aliiweka kwenye kaburi ambalo lilikuwa na karatasi ya ofisi ya makaburi imegandishwa: mhusika anaombwa afike ofisini. Kule kaburi hulipiwa. Miaka 20 ikipita na asijitokeze wa kulipa tena, nafasi inaweza kupewa mtu mwingine. "Unamfahamu?" nilimuuliza. Hakumfahamu. Alikuwa jirani wa mumewe tu.

Ya sita aliipeleka kwenye msalaba mkubwa katikati ya makaburi. Kuna msalaba wa aina hiyo karibu kila mahali, na chini yake siku ile kunakuwa na ziwa la moto, kwa sababu hapo ndipo wanapowashiwa walio na makaburi ya mbali, au wasio na kaburi kabisa. Akanitajia Siberia. Akanitajia mjomba wake. Kisha akaongeza kitu ambacho nilikipuuza: "Wengine walifika mpaka kwenu."

Watu wengi waliniambia mambo ya kwetu ambayo hayakuwa ya kwetu. Mmoja aliwahi kuniuliza kama namfahamu rafiki yake wa Senegal. Kwa hiyo niliitikia kwa kichwa, tukaendelea. Wiki moja baadaye, maktabani, nikakutana na neno Tengeru kwenye kitabu cha Kipolandi, nikahisi damu inapanda usoni.

Mwaka 1940 na 1941 dola ya Kisovieti iliwasomba mamia ya maelfu ya raia wa Polandi kutoka mashariki ya nchi yao, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoivamia dola hiyo, serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London ilifikia makubaliano na Moscow, na wale waliokuwa bado hai wakaachiwa. Mwaka 1942 makumi ya maelfu walivuka bahari ya Kaspi mpaka Iran, wanaume wakaenda jeshini, na Waingereza wakawatafutia wanawake na watoto pa kukaa katika makoloni yao. Baadhi walipelekwa Masindi na Koja nchini Uganda, wengine Ifunda, Kidugala na Kondoa. Tengeru, chini ya Mlima Meru, karibu na ziwa Duluti, ndiyo ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, yenye watu kiasi cha 5,000. Waliishi kwenye nyumba za msonge, wakajenga kanisa, shule na hospitali. Walikaa huko mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, wengi walipokuwa wametawanyikia Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Makaburi yao karibu 150 yakabaki.

Basi la Moshi kwenda Arusha hupita Tengeru. Nimepita hapo tangu nikiwa napakatwa. Nilijua ndizi zake na nilijua soko lake. Ilibidi niende Ulaya, nikae kwenye kiti cha maktaba yenye joto la mabomba, ndiyo nijue kwamba kuna Wapolandi wamelala mwendo mfupi kutoka pale ambapo kondakta hupiga bodi na kuita Tengeru.

Na hata baada ya kujua, sikushuka. Nilirudi nyumbani, nikapata kazi Dar, nikapita tena na tena nikiwa na haraka ya harusi au ya msiba. Nilikuwa nawasiliana na mama mwenye nyumba. Mwaka 2020 alinipigia akiwa na hasira. Ijumaa tarehe 30 Oktoba serikali ilitangaza kwamba kwa ajili ya korona makaburi yote yatafungwa kuanzia kesho yake mpaka tarehe 2. Wauza maua walibaki na malori ya krisantemu, na serikali ikaahidi kuzinunua. Yeye alikuwa na miaka 86. Alichukua tramu, akaiwasha taa yake akaiacha nje ya geti, kwenye mstari wa taa nyingine. "Nilikaa nje kama ombaomba," akasema, na mimi nikalikumbuka lile neno lenye maana mbili.

Alifariki 2022. Mwanawe yuko Ireland, aliondoka na wimbi la vijana walioenda kutafuta kazi baada ya nchi yao kuingia Umoja wa Ulaya 2004. Alinitumia picha kwa simu. Kile kistari kimepata mwenzake. Tarakimu mpya ni nyeupe sana, zile za 1934 zimefifia, unaona kabisa kwamba zimechongwa na mikono miwili tofauti. Kaburi lilikuwa safi. Nikamsifu. Akajibu kwamba analipia kampuni, wanasafisha, wanawasha taa, wanampigia picha na kumtumia. Nilitaka kumhukumu, nikakumbuka M-Pesa ninayomtumia kijana wa Kibosho apalilie migomba.

Novemba 2023 nilishuka Tengeru. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule. Njiani mijakaranda ya Arusha ilikuwa imemwaga maua ya zambarau kwenye matope. Hilo ndilo pukutiko letu, ukitaka, ingawa linatokana na kuchanua kupita kiasi. Nilifunguliwa geti na kuachwa peke yangu. Makaburi yamepangwa kwa safu, misalaba, majina yenye zile herufi nilizopigana nazo darasani. Nikayasoma kwa sauti, nikijisahihisha. Mengine yana miaka miwili iliyokaribiana mno, unajua ni mtoto. Kwenye pembe ya kaburi moja palikuwa na taa nyekundu ya kioo iliyozimika zamani, imejaa maji ya mvua, na inzi ndani yake.

Nilikwenda na mswaki mfukoni. Niliununua dukani Usa River, na kusema kweli nilikuwa nimejiandalia tukio. Nilijiona nimepiga magoti, nasugua. Lakini palikuwa pamefagiwa, majani yametolewa, herufi zinasomeka. Kuna anayeifanya hiyo kazi, si ndugu wa hata mmoja wao, na hakunihitaji mimi na mswaki wangu. Nilisimama kidogo mikono ikiwa haina kazi. Niliimwaga tu ile taa maji, nikaigeuza ifunike.

Kesho yake nikapanda Kibosho.

Kaburi la Bibi liko hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni, kati ya migomba na mparachichi, limepandiwa masale upande wa kichwani. Kwetu marehemu hulala kihambani, nyumbani kwake, na ndiyo maana hatuna siku ya kwenda kumwona. Utakwendaje kumtembelea mtu ambaye hujaachana naye? Watoto hulikalia wakila maembe. Nimeandika kazi za shule juu yake, karatasi zikishikwa na jiwe. Kwa miaka mingi niliona hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko ya taa zote za Łódź, na nilishamwambia hivyo mama mwenye nyumba kwa majigambo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na nyumba ikifungwa?"

Sikumjibu, na sasa najua kwa nini. Kihamba cha upande wa kushoto kina kufuli tangu Januari. Cha upande wa kulia yupo mlinzi wa kuajiriwa, mtu wa Singida, ambaye anajua makaburi ya uani ni matatu lakini hajui ni ya nani. Desemba wenye nyumba watakuja, watachinja, watapiga picha mbele ya misalaba, na tarehe 2 Januari watashuka. Nimeanza kuwaonea wivu wale wenye tarehe yao, taa zao na mabasi yao ya herufi C. Sisi hatukujiwekea siku kwa sababu tulidhani daima kutakuwa na mtu jikoni.

Kwetu bado yupo. Shangazi alikuwa uani ameinama. Vichanja vyake vilikuwa vimejaa, kwa hiyo kahawa iliyozidi alikuwa ameianika juu ya kaburi la mama yake, imetandazwa kwa unadhifu kutoka miguuni mpaka kwenye jina, na kipande cha chandarua kimewekwa kuzuia kuku.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja lini? Shika huku, mvua hiyo."

Niliangalia mlima, haukuwepo, umefunikwa. Tulikusanya kwa viganja, tukimimina kwenye gunia, na kadiri kahawa ilivyopungua ndivyo herufi za Bibi zilivyojitokeza, zimejaa vumbi na maganda. Nikautoa mswaki. Nikachovya kwenye ndoo ya maji ya ng'ombe, nikaanza na herufi ya kwanza.

Shangazi alinitazama kwa muda, gunia mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nalisafisha."

"Usililoweshe sana," akasema. "Mvua ikipita, kesho narudisha kahawa."

Nikauweka mswaki mfukoni, nikamshikia mdomo wa gunia.